Kima, papa na moyo ulioachwa mtini: jinsi ya kumfundisha mtoto vipengele vya hadithi

Mwulize mtoto wa darasa la tatu mandhari ni nini. Kama amefundishwa atajibu kwa mkupuo mmoja: "Mandhari ni mahali na wakati ambapo matukio ya hadithi hutokea." Jibu ni sahihi. Msomee basi hadithi ya ukurasa mmoja, kisha mwambie akuoneshe mandhari ya hadithi hiyo. Mara nyingi atatazama picha, atamtazama jirani yake, halafu atatazama chini.

Kengele ya mapumziko ikilia, mtoto huyohuyo utamkuta chini ya mwembe akiwasimulia wenzake jinsi mbwa wa jirani alivyomkimbiza juzi alipotumwa dukani. Anaanza na giza lililokuwa limeanza kuingia. Anaiga mlio wa mnyororo ukikatika. Anafika ukutani, ananyamaza, anawatazama wenzake usoni mmoja mmoja, ndipo anasema mbwa alifanya nini. Mandhari anayo, wahusika anao, tatizo analo, na kilele anakijua kuliko wengi wetu. Hakufundishwa na mtu darasani. Ameyaokota kwa bibi, kwa kaka zake, kwa watu wa kijiweni.

Nimefundisha Kiswahili madarasa ya chini kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu nilianzia pale pabaya. Niliandika ubaoni "Vipengele vya hadithi", chini yake majina matano na maana zake, watoto wakanakili. Wakati wa mtihani waliandika zile maana, na wengine walipata alama zote. Lakini nilipowapa hadithi mpya hawakuweza kuifungua, na walipoandika insha zao hazikuwa na hata kimoja cha vile walivyovikariri. Nilichokuja kuelewa ni kwamba vipengele vya hadithi ni maswali ambayo msikilizaji yeyote huwa nayo moyoni anaposikiliza, na mtoto anayo tayari. Majina yanakuja mwisho, yakikuta kitu cha kukiita.

Majina yenyewe yana maisha mengine

Kabla hatujamlaumu mtoto, tuyasikilize haya maneno kwa masikio yake. "Mandhari" analisikia redioni likisifu mlima au ufukwe: mandhari ya kuvutia. Kwake mandhari ni kitu kizuri cha kutazamwa, kwa hiyo ukimwuliza mandhari ya hadithi iliyotokea jikoni penye moshi, anaona hakuna. "Mhusika" analisikia kwenye taarifa ya habari: wahusika wamekamatwa, wahusika wachukuliwe hatua. Si ajabu mtoto akadhani mhusika ni yule aliyefanya kosa. Kuna siku niliuliza wahusika wa hadithi ni nani, nikatajiwa fisi peke yake, kwa sababu fisi ndiye aliyeiba.

"Ploti", ambayo katika hadithi ni mpangilio wa matukio, kwa mtoto wa Nairobi ni kiwanja, au ule uwanja wenye vyumba vya kupanga ambamo yeye mwenyewe anaishi. Na "dhamira" ni lile linalomsuta mtu usiku.

Juu ya hayo, sisi wenyewe hatujakubaliana. Tanzania mwanafunzi akifika sekondari ataambiwa kazi ya fasihi ina fani (namna inavyosemwa) na maudhui (kinachosemwa), na kwamba dhamira ni sehemu ya maudhui pamoja na migogoro, ujumbe na falsafa. Kenya mwenzake ataambiwa maudhui ni yale mambo yanayozungumziwa katika kazi, na dhamira ni lengo la mwandishi, kile alichokusudia. Kuna wanaosema msuko, kuna wanaosema ploti, kuna wanaosema mtiririko wa matukio, na kuna wanaoyaweka yote hayo chini ya muundo. Mwalimu anayetumia vitabu vya pande mbili anaweza kuwafundisha watoto mambo mawili yanayopingana bila kujua. Watu wazima tunaweza kubishana juu ya hayo. Mtoto wa miaka saba hana haja ya ubishi huo.

Anahitaji maswali sita. Nani? Wapi na lini? Anataka nini? Nini kinamzuia? Anafanya nini? Inaishaje? Swali la tatu na la nne ndiyo roho ya yote, na ndiyo yanayosahaulika kuliko mengine.

Hadithi moja, tuishike mkononi

Maelezo matupu hayatufikishi mbali, kwa hiyo nachukua hadithi ninayoitumia kila mwaka. Ni ya zamani sana. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekaa Unguja, aliiandika kama ilivyosimuliwa na wenyeji, akaichapisha London mwaka 1870. Lakini watu wa pwani walikuwa nayo kabla yake, na India ina ndugu yake katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa hadithi, ambako badala ya papa yupo mamba. Katika Kalila na Dimna, kitabu cha Kiarabu cha karne ya 8, yupo kobe wa majini. Nitarudi kwenye jambo hilo, maana lina faida darasani.

Inakwenda hivi. Palikuwa na mkuyu mkubwa ulioota pwani, nusu ya matawi yake yako upande wa mji na nusu yamening'inia juu ya bahari. Kima alikuwa akipanda kila siku kula kuyu, na chini yake alikuwapo rafiki yake, papa. Papa alikuwa akiomba, na kima alikuwa akimtupia. Siku moja papa akamwambia, umenitendea wema siku nyingi, twende kwetu nikakulipe fadhila. Kima akasema, nitakwendaje nami si wa majini? Papa akasema, nitakubeba mgongoni, tone la maji halitakugusa. Wakaenda. Walipofika katikati ya bahari, papa akasema, rafiki yangu, nikwambie kweli: sultani wetu ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akanyamaza, akafikiri. Kisha akasema, ungeniambia kulekule! Sisi makima tukitembea mioyo yetu tunaiacha mtini. Turudi nikauchukue. Papa akageuka. Walipofika mkuyuni kima akaruka juu ya tawi, akakaa kimya. Papa akaita, akaita. Kima hakurudi tena.

Katika masimulizi ya zamani kima anampa papa jibu kwa kumsimulia hadithi nyingine ndani ya hii, ya punda wa dobi. Kwa watoto wadogo naiacha. Hadithi iliyo ndani ya hadithi ni utamu wa baadaye.

Naisimulia bila kitabu. Naanza na "Hadithi, hadithi!" nao wanaitika "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Mwito huu unaamsha darasa, na pia unamwambia mtoto kwamba sasa tunaingia mahali pengine, ambako papa anaweza kusema na moyo unaweza kuachwa mtini. Wengine huanza na "Paukwa" wakaitikiwa "Pakawa", na hakuna haja ya kushindana ni upi ulio bora.

Mahali panapofanya kazi

Nikimaliza kusimulia sisemi neno mandhari. Nauliza: "Je, ule mti ungekuwa umeota katikati ya mji, mbali na bahari, ingekuwaje?"

Kwanza kimya. Halafu mmoja anasema, "Papa asingefika." Mwingine anadakia, "Wasingejuana." Wa tatu anasema, "Basi hakuna hadithi." Hapo mtoto ameelewa mandhari kwa kiasi ambacho maana iliyoandikwa ubaoni isingempa. Ameona kwamba mahali si pambo. Mkuyu ule umegawanyika nusu mji, nusu bahari, kwa sababu hadithi inahitaji viumbe wawili wasioweza kuishi pamoja wapate pa kukutania. Na katikati ya bahari ni mahali pa hatari kwa mmoja tu kati yao. Ungekuwa mto wa kuvukwa kwa miguu, kima angeruka akaenda zake, na hadithi ingeishia palepale.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Hadithi zetu huanza "Hapo zamani za kale palikuwa na…" au "paliondokea…". Sikiliza ile *pa-*. Kitenzi cha kwanza kabisa kimebeba mahali ndani yake, kabla hata mtu yeyote hajatajwa, na neno "zamani" limekwisha kutaja wakati. Mtoto anayejua kuanza "Hapo zamani za kale palikuwa na" amekwisha kuweka mandhari mdomoni kwake. Kazi ya mwalimu ni kumwonesha kwamba ameiweka.

Mhusika ni yule anayetaka kitu

Watoto wengi hudhani mhusika ni mtu, au mnyama anayezungumza. Nawapa kipimo kingine: mhusika anataka kitu. Kima anataka kuishi. Papa anataka dawa. Sultani anataka kupona, na ingawa hatumwoni hata mara moja, kutaka kwake ndiko kunakoivuta hadithi nzima. Mkuyu hautaki kitu, kwa hiyo ni mahali.

Sarufi inashuhudia. Kitu kikigeuka mhusika katika masimulizi ya Kiswahili, mara nyingi huanza kuvaa viambishi vya watu. Jua huwaka na upepo huvuma, lakini siku wakishindana kumvua msafiri kanzu, tunasema "Jua alimwambia Upepo". Watoto wa miaka sita hufanya hivyo bila kufundishwa. Mmoja aliniandikia "Kiatu akalia". Usikimbilie kalamu nyekundu. Mwulize kwanza: kiatu kilikuwa kinataka nini?

Kutoka kwenye kutaka tunakwenda kwenye tabia, na hapa darasa huwa moto. Kima ni mwongo au ni mwerevu? Wanagawanyika. Wapo wanaosema ni mwongo, kwa sababu moyo hauachwi mtini. Wapo wanaosema papa ndiye aliyeanza. Wapo wanaomtetea papa: alikuwa na sultani mgonjwa, na hatimaye alisema kweli. Sisuluhishi. Kwa kila anayesimama nauliza jambo moja: "Umejuaje?" Lazima anioneshe neno au tendo lililomo ndani ya hadithi. "Umejuaje" ni swali dogo, na mtoto aliyelizoea tangu darasa la pili hatapata shida atakapoambiwa kidato cha tatu athibitishe hoja yake kwa mifano kutoka kwenye riwaya.

Kuna eneo ambalo watoto hulipita bila kuliona: yanayotokea ndani ya mhusika. Nancy Stein na Christine Glenn, watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 1979, waliwasomea watoto hadithi kisha wakawataka wazirudie. Watoto walikumbuka vizuri utangulizi, tukio lililoanzisha mambo, na matokeo. Walichokiacha zaidi ni hisia na mawazo ya mhusika. Nami naliona hilo kila mwaka. Mtoto akirudia hadithi ya kima hutoka kwenye "sultani ni mgonjwa" akaruka hadi "moyo nimeuacha mtini". Pale katikati, kima aliponyamaza, hakuna kitu. Na pale ndipo hadithi ilipokaa yote. Kima yuko juu ya mgongo wa rafiki, maji yamemzunguka pande zote, amesikia kwamba urafiki ule una lengo jingine, na anajua akionesha hofu amekwisha. Kwa hiyo nawasimamisha hapo. Namwita mtoto mmoja akae juu ya dawati kana kwamba ni mgongo wa papa, wengine wawe maji. Namwuliza kwa sauti ya chini: "Unaona nini? Tumboni unasikia nini? Kwa nini humpigii kelele?" Dakika tano za namna hiyo zina thamani kuliko kurasa mbili za mazoezi.

"Siku moja" na mnyororo wa -ka-

Sasa tatizo. Watoto wakiulizwa tatizo la hadithi hutaja jambo baya lolote lililotokea. Njia nyepesi niliyoipata ni kuwafundisha kusikiliza maneno "siku moja".

Kabla ya "siku moja" mambo yalikuwa yakienda kama kawaida: kima *alikuwa akipanda*, papa *alikuwa akiomba*, kima *alikuwa akimtupia*. Vitenzi vinalala kwenye mazoea. Inafika "siku moja", na vitenzi vinabadilika: *akamwambia, wakaenda, akageuka, akaruka*. Naisimulia tena, wapige kofi moja wakisikia "siku moja". Kofi hilo ni mlango. Nyuma yake kuna hali, mbele yake kuna matukio. Watoto wanasikia kwa masikio yao pale utangulizi unapokoma na hadithi inapoanza kutembea.

Lakini -ka- ina hatari yake, na nadhani ndiyo inayoziumiza insha za watoto wetu kuliko kitu kingine. Kiambishi hiki kinapanga matukio kwa zamu, hili kisha lile, bila kusema kwa nini. Msimulizi hodari anajua sababu imo ndani. Mtoto hajui bado. Matokeo yake ni insha ya namna hii:

"Siku moja nilikwenda sokoni na mama. Tukanunua nyanya. Tukanunua samaki. Tukakutana na shangazi. Tukarudi nyumbani. Tukapika. Tukala. Tukalala."

Sarufi haina kosa. Mwandiko mzuri. Ila hakuna anayetaka kitu na hakuna kinachomzuia, kwa hiyo matukio yamepangwa kama chupa dukani. Walimu wengi huandika pembeni "Eleza zaidi", naye mtoto huongeza: tukanunua vitunguu, tukanunua bamia.

Aliyeniandikia insha hiyo nilimwita mezani nikamwuliza: "Siku ile wewe mwenyewe ulikuwa unataka nini?" Akajibu papo hapo, "Viatu vinavyowaka taa." Nini kilikuzuia? "Mama alisema pesa ni ya mboga tu." Ukafanya nini? "Nikabeba kapu lote mimi, ili aone nimekua." Kumbe hadithi ilikuwapo muda wote. Na yule shangazi, aliyekuwa ametajwa kwa sentensi moja isiyo na kazi, ndiye aliyekiona kidole kikichungulia kwenye kiatu cha zamani. Mtoto aliliacha hilo nje kwa sababu alidhani insha ni orodha ya yaliyofanyika.

Baada ya hapo nilianza zoezi ninaloendelea nalo hadi leo. Chukua sentensi mbili zinazofuatana, jaribu kuweka kati yake "kwa hiyo" au "lakini". *Papa alikuwa amepewa kuyu siku nyingi, kwa hiyo kima alimwamini. Kima alimwamini, lakini papa alikuwa ametumwa moyo.* Yanakaa. *Tukanunua nyanya, kwa hiyo tukanunua samaki.* Watoto wanacheka, kwa sababu masikio yao yamekataa. Pale yalipokataa ndipo pa kufanyia kazi. Hivi ndivyo ninavyofundisha msuko, na sijawahi kuhitaji mchoro.

Kuhusu ule mlima

Walimu wengi wameupata mchoro wa mlima: hadithi inapanda, inafika kileleni, inashuka. Asili yake ni Gustav Freytag, mwandishi wa Kijerumani, katika kitabu alichotoa mwaka 1863 juu ya ufundi wa tamthilia. Alikuwa akichambua michezo ya jukwaani ya Wagiriki, ya Shakespeare na ya Wajerumani wenzake. Hakuwa akifikiria ngano za wanyama wala watoto wa miaka minane.

Siupingi mlima. Kwa hadithi ya kima unafaa, na watoto wakubwa kidogo huufurahia. Shida ni kuufanya kuwa sheria. Ngano zetu nyingi hurudia jambo lilelile mara tatu, na kila mara kuna wimbo. Wanyama wanakwenda mmoja mmoja kuchimba kisima, kila mmoja anashindwa, wimbo unaimbwa. Ukimlazimisha mtoto achore mlima mmoja hapo, atakuuliza kilele ni kipi kati ya vile vitatu, naye atakuwa na haki. Mchoro wa hadithi hiyo ni ngazi. Mwache achore ngazi.

Ninachokitumia zaidi ni mkono. Kidole gumba: nani? Cha shahada: wapi na lini? Cha kati, kirefu kuliko vyote: alitaka nini na nini kilimzuia? Cha pete: alifanya nini? Cha mwisho: iliishaje? Mtoto anaondoka nao nyumbani bila daftari. Katika darasa la watoto sabini, ambako huwezi kumsikiliza kila mmoja, wanageukiana wawiliwawili na kusimuliana huku wakishika vidole, nami napita katikati nikitazama ni kidole gani kimekwama. Karibu siku zote ni cha kati.

Vifaa havihitaji fedha. Vizibo vya soda ni wahusika, kipande cha kanga ni bahari, kijiti ni mkuyu. Mtoto asiyeweza bado kuandika sentensi nzima anaweza kuisogeza hadithi yote juu ya mkeka, na ukimtazama utajua anachoelewa na asichoelewa. Mtoto anayesogeza kizibo cha papa hadi juu ya kijiti hajaelewa mandhari, hata kama maana yake anaikariri.

Funzo lisitangulie

Swali tunalolipenda kuliko yote ni hili: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Tunaliuliza mapema mno, na watoto wamekwisha kujua jibu linalotufurahisha: tusidanganye, tusiibe, tuwasikilize wazazi wetu. Wanaweza kulitoa bila kuisikiliza hadithi.

Hadithi ya kima inalivunja jibu hilo. Ukisema inatufundisha tusidanganye, mbona aliyedanganya ndiye aliyepona? Ukisema inatufundisha tudanganye, mama wa nani atakubali? Inabidi warudi ndani. Mwaka jana walifika kwenye majibu matatu: ukiwa hatarini tumia akili kwanza, mtu akikupa zawadi kubwa ghafla mwulize kwa nini, na la mtoto mmoja aliyekuwa kimya muda wote, kwamba papa angeomba msaada waziwazi pale mtini, labda wangetafuta dawa nyingine pamoja. Yote matatu yana ushahidi ndani ya hadithi.

Hapo ndipo ninapowatofautishia mambo mawili kwa lugha ya kitoto. Jambo linalozungumziwa ni neno moja au mawili: urafiki, hila, ugonjwa. Ujumbe ni sentensi nzima yenye kitenzi, inayosema kitu kuhusu jambo hilo. "Urafiki" si ujumbe. "Rafiki anayeficha haja yake anaupoteza urafiki" ni ujumbe. Atakayekwenda sekondari Dodoma na atakayekwenda Kisumu watakutana na majina tofauti, lakini wote wawili watakuwa wanajua kuna vitu viwili.

Usiyasukume hayo yote kwa mtoto wa chekechea. Wa miaka minne au mitano akiweza kukwambia nani na kilitokea nini mwanzo, kati na mwisho, amefanya kazi yake. Darasa la kwanza na la pili ongeza kutaka na kuzuiwa. Hisia na "umejuaje" zinakaa vizuri kuanzia la pili kwenda la tatu, na ujumbe ukifuata baada ya hapo haujachelewa. Majina rasmi ninayatoa darasa la tatu, kwa siku moja tu: "Mnakumbuka ule mkuyu uliokuwa nusu mji, nusu bahari? Wataalamu wanauita mandhari." Wanaitikia kama watu walioambiwa jina la jirani waliyekuwa wakisalimiana naye kila siku.

Badilisha kimoja, utazame

Nilisema nitarudi kwa mamba wa India na kobe wa Kalila na Dimna. Zoezi la mwisho la kipindi ni kubadilisha kipengele kimoja na kuacha vingine vilivyo. Kule India mwenye kuutaka moyo ni mke wa mamba, pwani yetu ni sultani wa mapapa. Mifupa ni ileile: rafiki wa majini, rafiki wa mtini, moyo, na uongo unaookoa. Nawaambia watoto kwamba watu wa nchi mbalimbali wamewahi kufanya zoezi hili kabla yao, kila mmoja akiitia hadithi kwenye maji anayoyajua. Kisha ni zamu yao. Wa Mwanza wanaweza kuipeleka ziwani. Wa Dodoma, kusiko na bahari, watahitaji kitu kingine ambacho kima hawezi kukivuka. Watoto wangu waliwahi kumtia kima juu ya lori la mchanga liendalo kasi barabara kuu, dereva akiwa fisi, na palepale wakagundua tatizo wenyewe: lori linaweza kusimama kwenye tuta, kima akaruka. Wakabishana, wakayaondoa matuta yote barabarani, hadithi ikakaa.

Siku moja, wenzake wakiwa wameshaanza kufunga madaftari, mtoto wa dawati la nyuma alinyoosha mkono.

"Mwalimu, na yule sultani, alipona?"

Nikamwambia hadithi haisemi. Akafikiri, akatazama mkono wake, akashika kidole cha kati.

"Basi tatizo la kima limeisha, lakini la papa bado."

Akaomba karatasi. Kengele ilipolia alikuwa amefika hapa, nami bado ninayo: "Papa alirudi nyumbani bila moyo. Alikuwa anaogopa kumwambia sultani kweli, kwa hiyo akakaa nje ya mlango. Siku moja…"